Tochi ya Mama Divin

Jumanne, 4 Februari

Mvua imefika dukani kabla yangu. Nimekuta maji chini ya meza na kikapu cha redio zinazosubiri fundi kimelowa upande mmoja. Fundi mwenyewe ni mimi, Mwanvua, na mtaa mzima wa Buyenzi, hapa Bujumbura, unajua kwamba siku ya mvua sina adabu. Mdogo wangu Seifu, aliyeegesha pikipiki yake humu ndani tangu petroli ipotee mjini, alikuwa ameketi juu ya hiyo pikipiki isiyokwenda popote, anatazama simu, wala hakufikiria kuinua kikapu. Nimemsema mpaka adhuhuri.

Hayat, binti yangu, alipoolewa Kigoma aliniachia daftari zake za shule zilizobaki nusu. Jioni nyumba imekuwa kimya kupita kiasi. Basi masika haya nitaandika, nione kama mkono unaweza kusema badala ya mdomo.

Alhamisi, 6 Februari

Mteja mpya. Anaitwa Léocadie, ametokea Uvira, ng'ambo ya mpaka, miaka kadhaa iliyopita, anauza ndagala, dagaa wa ziwani, soko la Ruvumera na anakaa mtaa wa Carama. Wenzake wanamwita mama Divin. Ameleta tochi ndogo ya kuchaji, akauliza kama ipo betri ya kuifanya iwake mpaka katikati ya usiku. Nikamwekea. Alishukuru kwa mikono miwili, akaenda zake. Wateja wote wangekuwa hivi, ningenenepa.

Jumatatu, 10 Februari

Redio, chaja, mvua.

Ijumaa, 14 Februari

Mama Divin amerudi. Sasa anataka tochi iwake mpaka asubuhi. Nimebadilisha taa, nikaweka ya kula umeme kidogo. Wakati nafunga skrubu aliegemea meza kama mtu anayengoja basi tangu jana, macho mekundu. Nikafikiri ni moshi wa kuni mbichi.

Sikumuuliza anamulika nini usiku kucha. Mama yangu, Mungu amrehemu, alitufundisha: jirani akiomba chumvi mpe chumvi, usimfunue chungu. Hapa Buyenzi anayemuuliza mteja "ya kazi gani?" huonekana anamshuku au anatafuta maneno ya kupeleka kibarazani. Watu husema kuuliza si ujinga, lakini hayo ni ya mteja, si ya fundi.

Jumamosi, 22 Februari

Mara ya tatu. Ameuliza kama tochi inaweza kuunganishwa na betri ya pikipiki, iwake usiku mzima na imulike mbali, "mpaka ng'ambo." Swali la mtu asiyejua umeme, lakini mimi maswali ya namna hiyo ndiyo yanayonipa hamu ya kazi. Nilichukua betri yangu ya zamani, nikaunganisha taa tatu kwenye sahani ya bati, nikamfungia mpini. Seifu akasema tumetengeneza mnara wa kuongozea meli bandarini. Tuliijaribu uchochoroni mchana kweupe na bado iliumiza macho. Nilijisifu mbele ya kila aliyepita.

Betri ataileta kila baada ya siku chache niichaji kwa paneli ya juu ya duka.

Jumamosi, 1 Machi

Mwezi umeandama. Alfajiri Chabani amepita na debe lake kuamsha watu wa daku. Alikuwa mpagazi bandarini, sasa magoti yamechoka, lakini kila Ramadhani anazunguka mitaa yetu akigonga na kuita nyumba kwa nyumba. Kwangu anasimama kabisa na kusema, "Mwanvua, amka, kesho usije ukasingizia saa." Nikimjibu ndipo anaendelea.

Jumanne, 4 Machi

Mama Divin ameleta betri. Nimemuuliza kama taa iko sawa. "Iko sawa kabisa, mama Hayat." Alisinzia akiwa amesimama. Nimemcheka, nikamwambia biashara ya ndagala haina ndoto. Naye akacheka.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Usiku wa kuamkia leo mvua haikukoma. Saa nne asubuhi alikuja Christa, anayeuza lenga-lenga, yaani mchicha, karibu na mama Divin sokoni na ni jirani yake kule Carama. Alikuja na tope mpaka magotini. Akasema korongo linalopita nyuma ya nyumba zao limefurika na maji yameingia ndani kwa mama Divin. Mama yake mzazi, bibi wanayemwita koko Mawazo, miguu haimbebi tangu zamani. Maji yalimkuta kwenye godoro lake chini, yakamfika kifuani. Alipiga kelele mpaka Christa na mumewe wakasikia. Waliiona nyumba kwa sababu ya taa. Mama Divin alikuwa ameketi kizingitini, amejifunika plastiki, maji yanampita miguuni, amelala. Mkononi ameshika ile kazi yangu ya taa tatu. Ilikuwa bado inawaka.

Nilimwachia Seifu duka nikaenda na Christa. Basi hakuna, tulitembea sehemu kubwa ya njia. Koko tulimkuta kwa Christa, amefunikwa mablanketi, anatetemeka na kukohoa, lakini mzima, na ananung'unika kuhusu chupi zake zilizoanikwa mbele ya watu. Godoro limekwenda. Magunia mawili ya ndagala yamekwenda. Mama Divin alikuwa anafua nguo za tope bila kuinua kichwa.

Nikachuchumaa karibu yake, nikachukua shati nikaanza kufua. Halafu nikamuuliza, mara ya kwanza tangu nimjue: usiku wote huo ulikuwa unamulika nini?

"Mi naangalia mayi," alisema. "Kila usiku. Divin anafanya kazi ya usiku kule port, anapakia maboti. Kwa nyumba tuko mi na koko. Nikilala, nani ataona mayi?"

Tangu mvua ianze mwezi wa pili hajalala usiku hata mmoja. Anatoka kila mara kumulika korongo, anarudi kizingitini, anatoka tena. Mchana anauza samaki. Nikamuuliza kwa nini hawahami. Akasema Divin anatafuta chumba tangu mwaka jana, na kila mwenye nyumba akimwona koko anasema hataki mgonjwa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia habari za maji, safari zote hizo.

Akaniangalia kama ninayeuliza jambo la kitoto.

"We uko fundi wa tochi, mama Hayat. Shida ya tochi nilikuletea. Shida ya mayi, nitaletea fundi wa tochi namna gani?"

Alikuwa amejitahidi asinichoshe, akanikatia kile kipande tu alichodhani kinanihusu. Nami nikakijibu vizuri, kila mara vizuri zaidi. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu niwe mtu mzima.

"Na sasa unataka nini?" nikasema. "Si ya tochi. We mwenyewe."

Alikamua nguo, akaiweka begani.

"Mi nataka kulala."

Ijumaa, 7 Machi

Jana nilifuturu bila hamu. Daku, nikiwa nimelala fofofo, debe la Chabani likaja, nikasikia jina langu, nikaitika. Nikakaa kitandani gizani na akili ikafunguka. Mimi ninalala mwezi mzima wa Ramadhani bila wasiwasi wa kupitwa na saa. Sina tochi, sikodolei dirisha. Ninalala kwa sababu najua kuna mtu atakayeniita.

Mama Divin hahitaji mwanga. Anahitaji Chabani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetoa benchi la uani, nimeliweka mbele ya meza. Nimenunua chupa ya chai. Mgeni aliyekunywa chai yako unaweza kumuuliza habari zake, hiyo ni desturi na hakuna atakayeita umbea. Kuanzia leo kila anayeleta swali atakaa kwanza.

Seifu ameona ni wazimu. "Dada, mwezi wa Ramadhani unamimina chai? Na mutu analeta redio, we unamuuliza ya nyumba yake? Watakimbia wote." Nimemwambia chai ni ya Wakristo, wasafiri na wagonjwa, na kwa waliofunga benchi linatosha.

Wa kwanza alikuwa Khaled, muuza vitambaa. Alitaka nimwonyeshe namna ya kufuta WhatsApp yote kwenye simu. Zamani ningeifuta. Nimemketisha, nikauliza anataka ufutaji umsaidie nini. Kumbe shangazi yake anatuma ujumbe, anaona kwamba Khaled ameusoma, kisha anampigia kumgombeza kwa kutojibu. Nikamzimia ile alama ya kuonyesha umesoma. Aliondoka anatembea kama kijana.

Jumatatu, 10 Machi

Mirindi mshonaji alitaka waya mrefu ili asogeze cherehani mlangoni. Nikauliza. Haoni tundu la sindano. Tumesogeza taa, si cherehani.

Mmoja alikataa kukaa, akasema nina maswali kama polisi. Akaenda kwa fundi mwingine. Seifu alimsindikiza kwa macho mpaka kona ya mtaa.

Jumatano, 12 Machi

Kazi ya Carama. Nimechukua bomba la plastiki, nimelitoboa matundu. Ndani nimeweka kibidoni, yaani kidumu kidogo kitupu, kinaelea. Maji yakipanda kwenye korongo, kibidoni kinapanda. Kikifika juu kinasukuma kipande cha bati kigusane na kingine, umeme unapita. Betri ni ileile ya tochi, na sasa haitatumika mpaka siku yenyewe. Kilichobaki ni cha kupiga kelele. Kengele ya mlango ni sauti ya kuku mgonjwa. Nilimgeukia Seifu, yaani niliigeukia pikipiki, moto yake kama anavyoiita.

"Apana," alisema kabla sijafungua mdomo. "Honi ndiyo kitu pekee kinafanya kazi kwa hii moto."

Nimemwambia pikipiki isiyo na petroli haina wa kumpigia honi. Tumebishana mpaka magharibi. Tulipokula tende, akainuka akatafuta bisibisi mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Tumeifunga. Bomba limesimama ukingoni mwa korongo, waya umepita juu ya miti, honi iko chini ya paa la mama Divin. Niliinua kibidoni kwa mkono. Kuku wa Carama wote waliruka. Koko Mawazo, ambaye sasa amerudi nyumbani na kulalia mikeka miwili, akauliza kama Yesu amerudi.

Jumanne, 18 Machi

Honi imelia mchana bila tone la mvua. Mbuzi wa Christa alijikuna kwenye bomba. Watu walikimbia mpaka barabarani, na mwanamume mmoja alikimbia na sabuni mwilini. Mama Divin amekuja mwenyewe dukani kueleza, na nilitegemea lawama. Alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. Sikujua kwamba ana mwanya.

Ijumaa, 21 Machi

Nimezungushia bomba mawe na miiba. Mbuzi ameangalia kazi yangu kwa dharau.

Jumapili, 23 Machi

Nimekwenda tena, na nashukuru nimekwenda. Nilimuuliza mama Divin: honi ikilia, unafanya nini? Akasema, naamka. Halafu? Akamtazama koko. Hapo tena nikajikuta nimejibu swali la honi na kuliacha la koko. Bomba niliweka usawa wa mlango wake. Honi ingemwamsha ili aone vizuri maji yakiingia.

Basi tumefanya mazoezi. Kiti cha plastiki, koko juu yake, Christa na mumewe mbele, mama Divin nyuma, mpaka kwenye kanisa lao lililo juu ya mteremko. Mara ya kwanza walimwangusha kidogo akatutukana kwa Kishi safi, lugha ya kwao. Mara ya pili walikwenda vizuri. Niliwatazama wanavyopumua, nikaona muda unaohitajika, ndipo tukashusha bomba chini kabisa, karibu na tumbo la korongo. Honi italia mapema, wakati maji bado yana safari ndefu ya kufika mlangoni. Inaweza kulia bure mara moja moja. Mama Divin amesema ni afadhali akimbie bure.

Tumefunga kiti kwa kamba ukutani, kisitumike kwa kazi nyingine. Koko ameomba kiwekewe mto.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Chabani amepelekewa pilau na kila nyumba aliyoiamsha. Kwangu amekula sahani mbili. Nilimweleza kwamba Carama kuna ndugu yake wa plastiki. Aliuliza kama ndugu huyo anajua majina ya watu. Nikasema hapana. "Basi bado anajifunza," akasema.

Jumamosi, 5 Aprili

Wiki nzima jua. Vumbi limerudi.

Jumatano, 9 Aprili

Jua. Mama Divin anasema bado anaamka usiku kuangalia. Mwili haujaamini. Nimemwambia aache, akasema anajaribu.

Ijumaa, 11 Aprili

Petroli imefika. Seifu amepata lita chache baada ya kulala kwenye foleni, na sasa anataka honi yake. Barabarani bila honi ni hatari, anasema, na mvua imekwisha. Nikamwambia mvua ya Bujumbura haijawahi kumuaga mtu. Akasema benchi langu limeleta watu wa kunywa chai, si wa kulipa, na pikipiki ndiyo itatulisha. Kuna ukweli humo ndani, ndiyo maana nilikasirika. Nilimwambia nitamnunulia honi nyingine. Akasema anataka yake.

Jumamosi, 12 Aprili

Seifu ameondoka jioni na bisibisi mfukoni, kwenda Carama. Hakuniaga. Saa moja ya jioni mawingu yamekaa juu ya milima kama mtu aliyekuja na godoro lake. Simu yake haipatikani. Kama ameifungua ile honi leo, sitamsamehe, na ninaandika hivyo nikiwa na akili timamu.

Mvua imeanza. Sijawahi kuisikia namna hii kwenye bati letu.

Jumapili, 13 Aprili

Amerudi saa tatu asubuhi, pikipiki anaisukuma, tope kiunoni. Nilisimama mlangoni. Sikumuuliza, nilingoja. Akakaa kwenye benchi, akajimiminia chai.

Alifika Carama mvua ikianza, akajibanza kwa Christa akisubiri ipungue. Haikupungua. Wakampa mkeka. Anasema alikuwa amepanga kufungua honi asubuhi. Kabla ya alfajiri honi ikalia. "Dada, sauti ya moto yangu. Nikaruka, nikadhani mutu anaiiba." Alipotoka nje, mume wa Christa alikuwa tayari anakimbia kwenda kwa koko. Wakakata kamba ya kiti. Seifu alishika nyuma, upande mzito. Walipofika kanisani na kugeuka, honi ilikuwa bado inalia kule chini. Baadaye maji yakafika mlangoni, yakaingia, yakapanda mpaka usawa wa dirisha, na honi ikanyamaza. Ndani hakukuwa na mtu wala gunia. Majirani wa nyumba nne nao walikuwa wametoka, kwa honi hiyohiyo.

"Koko alikuwa juu ya muto wake," Seifu akasema. "Ananiambia niende polepole."

Nilimuuliza kuhusu honi. Akasema imejaa tope, ameikausha, ameirudisha palepale. Kisha akaegemea ukuta na kulia kidogo, na mimi nikaingia ndani kutafuta sukari ambayo hatukuwa tunaihitaji.

Ijumaa, 25 Aprili

Nyumba imekauka. Kuta zina alama ya maji. Divin amepata chumba upande wa juu, karibu na kanisa, kwa mmoja wa wale waliookolewa na kelele za honi. Huyo hakuuliza lolote kuhusu miguu ya koko. Watahama mwezi wa sita. Honi itabaki korongoni kwa ajili ya wengine.

Jumanne, 6 Mei

Mvua nyepesi. Mama Divin amekuja mchana. Nguo safi, macho meupe. Amesimama mbele ya meza vilevile kama mwezi wa pili, mikono miwili juu ya mbao, akauliza:

"Mama Hayat, namna gani naweza fanya ile honi ilie kwa nguvu kupita?"

Mkono wangu ulishakwenda kwenye sanduku la vipuri. Nina honi ya gari humo, ingepasua masikio. Nikaurudisha mkono. Nikamwonyesha benchi, nikamimina chai, nikakaa naye.

"Unataka ikusaidie nini?"

Aliona haya. Akamtazama Seifu, na Seifu akawa na shughuli kubwa na mnyororo wa pikipiki.

"Ile usiku mi sikuisikia," akasema. "Seifu ndiye aliniamsha. Alinishika mabega. Sababu nilikuwa nimelala, mama Hayat. Nimelala kweli."

Tumeamua honi isiongezwe nguvu. Nitaongeza waya na kuweka ya pili dirishani kwa Christa, ambaye usingizi wake ni wa paka, naye kwa simu ameshakubali kuwa mwenye kuita majina, Chabani wa Carama. Nilikwenda nyuma kupima waya. Niliporudi, mama Divin alikuwa amelala kwenye benchi, kikombe kitupu mapajani, mdomo wazi kidogo, na mvua nje inanyesha.

Seifu amezima redio bila kuambiwa. Mteja aliyefuata, kijana mwenye simu iliyopasuka, nimemketisha kwenye ndoo na kumuuliza kwa kunong'ona anataka kufanya nini.